Nani Anaitikia? Somo Kutoka Nyimbo Pendwa za Professor Jay

Kila muhula kuna insha ya Bongo Fleva inayoandikwa mahali fulani hapa chuoni. Mara nyingi inakwenda hivi: wimbo wa kwanza unazungumzia rushwa, wa pili mapenzi, wa tatu ugumu wa maisha, na hitimisho ni kwamba wasanii ni kioo cha jamii. Mwalimu anatoa alama zake za wastani, mwandishi anakwenda zake kula wali maharage, na wimbo wenyewe umebaki vilevile, haujaguswa. Kama wimbo ungekuwa orodha ya matatizo tu, watu wangesoma gazeti. Sasa kwa nini wimbo uliotoka mwaka 2001 bado unaitikiwa na mtu aliyezaliwa 2004?

Makala haya ni somo fupi kwa yeyote anayetaka kuandika, au hata kubishana tu kibarazani, kuhusu nyimbo za hip hop. Tutamtumia msanii mmoja, Joseph Haule, ambaye wote tunamfahamu kama Professor Jay. Nimemchagua kwa sababu nyimbo zake maarufu zinajulikana na karibu kila msomaji wa jarida hili, kwa hiyo hakuna atakayelalamika kwamba mifano ni migeni.

Hoja yenyewe ni hii: katika nyimbo zake zilizopendwa zaidi kuna mtu anayesema, na kuna mtu anayesubiriwa ajibu. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Anayeongea bila kujibiwa huonekana ana haki siku zote, hata akisema uongo mtupu. Jay alijenga nyimbo zake juu ya hatari hiyo. Kwa hiyo, kila tutakapogusa wimbo, tuuulize maswali matatu: Nani anasema? Nani anaitikia? Na jibu hilo linamgharimu nani?

Kwanza, mazingira

Rapu ilipoingia Tanzania miaka ya 1980 ilikuwa ya Kiingereza. Vijana walikariri mistari ya Wamarekani, wengine bila kujua maana yake, ilimradi mdomo unakimbia. Mwaka 1991 Saleh Jabir akachukua biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaiwekea maneno ya Kiswahili. Wapo waliocheka, lakini jambo moja lilikuwa limethibitika: lugha yetu inachana.

Kisha milango miwili ikafunguka karibu kwa pamoja. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria iliyoruhusu redio na televisheni binafsi, na 1994 Radio One ikaanza kusikika Dar es Salaam. Kabla ya hapo, kwa upande wa Bara, msanii alitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulipitiwa kwanza na wahusika kabla ya kurushwa. Sasa kijana alikuwa na sehemu nyingine ya kupeleka kanda yake.

Haule alikuja na kundi la Hard Blasters Crew, HBC, akiwa na wenzake Fanani na Big Willy. Wakatoa albamu ya Funga Kazi. Baadaye akasimama peke yake, na mwaka 2001 ikatoka Machozi, Jasho na Damu, kazi iliyofanyika Bongo Records chini ya mtayarishaji P-Funk Majani. Zikafuata Mapinduzi Halisi mwaka 2003 na J.O.S.E.P.H mwaka 2006. Enzi hizo muziki uliuzwa kwa kanda za kaseti, na wazazi wengi waliuita wa kihuni. Professor Jay hutajwa miongoni mwa wasanii waliowafanya wazazi hao waongeze sauti ya redio badala ya kuizima. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba alichana kwa namna ambayo mzee wa kijijini angeitambua. Kivipi? Tuone.

"Chemsha Bongo": amri kwa msikilizaji

Tuanze na wimbo uliolitangaza kundi la HBC. Jina lake ni msemo wa kila siku. Kuchemsha bongo ni kufikiri sana, na magazeti yetu yameupa jina hilo ukurasa wa mafumbo na maswali. Lakini "Bongo" pia ni jina la mtaani la Dar es Salaam, baadaye la nchi nzima: mahali ambapo bila akili huli. Kwa maneno mawili tu, wimbo umekupa onyo na anwani.

Anayesema ni kijana anayesimulia maisha na kuwaasa wenzake. Nani anaitikia? Hakuna sauti inayojibu. Lakini angalia sarufi: "chemsha" ni kitenzi katika hali ya kuamuru, na amri haikamiliki mpaka mwingine atende. Jibu linatakiwa litokee kichwani mwa msikilizaji, tena baada ya kanda kwisha. Hii ndiyo mbegu. Nyimbo zilizofuata zilimpa yule msikilizaji aliyekaa kimya mdomo wa kujibu.

"Ndio Mzee": wimbo ambao msanii hayumo

Hapa ndipo insha nyingi zinapojikwaa. Zinaandika: "Katika wimbo huu Professor Jay anaahidi kwamba..." Hapana. Professor Jay haahidi kitu. Anayesema ni mgombea, mwanasiasa aliyepanda jukwaani kuomba kura. Walimu wetu wa fasihi wanaiita nafsineni, ile sauti inayozungumza ndani ya utungo, na kosa la kwanza la mchambuzi ni kuichanganya na mtunzi. Mtunzi amevaa koti la mtu mwingine ili tulione vizuri lile koti.

Mgombea huyo anaahidi, na ahadi zinapanda kama homa. Anaanza na mambo ambayo mtu mwenye shida angependa kuyasikia, kisha anapaa mpaka kwenye mabomba ya kutoa maziwa na wanafunzi wa sayansi kwenda mwezini kufanya mafunzo kwa vitendo. Mbinu hiyo tunaiita chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi kwa makusudi. Lakini usiishie kuitaja jina kama unajaza fomu. Uliza inafanya kazi gani. Chuku hapa ni kipimo. Mgombea anaongeza uongo kidogo kidogo, na kila akiongeza, umati unajibu jibu lilelile. Msikilizaji anaanza kusubiri: watashtuka lini? Maji, sawa. Dawa, sawa. Maziwa? Mwezini? Na bado wanaitikia. Kichekesho kinatoka kwa mgombea, lakini uchungu unatoka kwa waitikiaji.

Mwaka uliotoka wimbo huu nao una maana. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejee ulifanyika 1995, wa pili 2000. Albamu ikatoka 2001. Watu walikuwa wametoka juzi tu kwenye viwanja vya kampeni, fulana na kofia bado mpya. Na nyuma yao kulikuwa na miaka mingi ya chama kimoja, ambapo kuitikia kwa pamoja mkutanoni kulikuwa sehemu ya uraia. Kiongozi anatamka nusu ya kwanza ya kaulimbiu, umati unamalizia nusu ya pili. Ulikuwa ustadi, tena wenye raha yake, maana kuitikia na wenzako kunakupa joto. Jay aliuchukua mtindo huo jinsi ulivyo na kuubadilishia mazingira tu.

Sasa tazama maneno yenyewe ya jina la wimbo. Wengi tunadhani neno lenye uzito ni "ndio". Mimi naona ni "mzee". Katika Kiswahili chetu, "mzee" ni heshima. Unamwita hivyo baba yako, mkuu wako wa kazi, hata mwenye duka aliyekuzidi miaka mitano. Ukishamwita mtu mzee, umejiweka chini kidogo, na kutoka huko chini ni vigumu kusema "lakini". Kwa hiyo umati katika wimbo huu haujashawishika kwa hoja. Umefungwa na adabu. Watu wanakubali kwa sababu kukataa kungeonekana utovu wa nidhamu. Nani analipa? Wao wenyewe, miaka mitano mfululizo.

Na kuna mtego wa mwisho. Wimbo ukipigwa ukumbini, nani anaimba sehemu ya umati? Ni sisi, tena kwa nguvu, huku tumenyoosha mikono. Tunadhani tunamcheka mgombea, kumbe tunaigiza nafasi ya waliodanganywa. Sijui kiitikio kingine cha Bongo Fleva kinachomweka mpenzi wake mahali pa aibu kiasi hicho na bado akafurahia.

Ngonjera iliyogeuzwa

Kwa wanaosoma Kiswahili, hapa kuna nondo ya insha nzuri. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera, ushairi wa majibizano, na Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970. Baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilisambaa mashuleni. Muundo wake unafahamika: kuna asiyejua na kuna anayejua. Wanabishana ubeti kwa ubeti, mmoja anauliza, mwingine anafafanua, na mwisho asiyejua anaelewa na kukubali. Kukubali kule mwishoni ni ushindi, kwa sababu kumetanguliwa na maswali.

"Ndio Mzee" imeuchukua muundo huo na kung'oa katikati yake. Kuna anayesema na wanaojibu kama kwenye ngonjera, ila ubishi haupo. Makubaliano yamekuja kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Ndiyo maana mzee wa kijijini aliutambua wimbo huu mara moja hata kama biti ilimpigia kelele: alikuwa anaifahamu ngonjera, akaona imeharibika, akajua imeharibiwa wapi.

Unaweza kwenda mbali zaidi. Shaaban Robert katika Kusadikika, mwaka 1951, aliikosoa dola kwa kuihamishia angani, katika nchi ambayo mawazo ya mageuzi yanashtakiwa mahakamani. Nusu karne baadaye mchanaji wa Dar es Salaam akampa mgombea wake ahadi ya mwezini. Njia ni ileile ya kusema kwa kuzunguka. Anayetaka kusema kwamba hip hop ni mgeni asiye na ndugu katika fasihi yetu, aanzie hapo kwanza.

"Siyo Mzee": neno moja limebadilika

Baadaye Jay akatoa mwendelezo, "Siyo Mzee". Mwanasiasa yuleyule, umati uleule, lakini sasa jibu ni la kukataa. Watu wamekwisha kuona ahadi zilivyoishia.

Wachambuzi wengi wanaupita wimbo huu haraka kwa sababu ule wa kwanza ni maarufu zaidi. Nawaomba tusiupite. Linganisha majina mawili ya nyimbo hizi uone kilichobadilika na kilichobaki. "Ndio" imeondoka, "siyo" imeingia, na "mzee" ipo palepale. Watu hawakumtukana. Hawakumwita mwizi wala kumvua heshima ya umri na cheo. Wamemkatalia huku wanamwamkia.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika nyimbo hizi mbili, na linatuhusu sisi moja kwa moja. Tumelelewa tukiamini kwamba heshima na kukubali ni kitu kimoja. Ukimpinga mwalimu darasani, umemdharau. Ukimuuliza kiongozi wa wanafunzi hesabu za fedha, una chuki binafsi. Kwa sababu hiyo tunabaki na njia mbili tu: kuitikia kila kitu, au siku moja kulipuka kwa matusi. "Siyo Mzee" inaonyesha njia ya tatu ambayo lugha yetu imekuwa nayo muda wote. Ukisoma nyimbo hizi mbili kama kazi moja, ngonjera iliyong'olewa katikati inarudi mahali pake: maswali yamechelewa, lakini yamefika.

Majibu ya aina nyingine

Isije ikaonekana kwamba Jay ni wa siasa tu. Maswali yetu matatu yanafanya kazi hata kwenye nyimbo zake nyingine zilizopendwa.

"Bongo Dar es Salaam" inachora jiji: ujanja, mahangaiko, watu wanaotafuta riziki kwa kila njia ya halali na isiyo halali. Hapa mji ndio unaosema, kwa vitendo, na kila mkazi anajibu kwa kujua mbinu zake. Anayejibu vibaya analipa siku hiyohiyo. Mwaka wa kwanza aliyeshuka stendi na begi lake akiamini kila anayemkaribisha, anaelewa ninachosema.

"Zali la Mentali", aliomshirikisha Juma Nature, ni hadithi ya kijana asiye na kitu anayependwa na mwanamke mwenye uwezo. Zali ni bahati inayokuangukia bila kuitafuta. Wimbo ulipendwa kwa sababu unacheza na ndoto ya kila mtu asiye na nauli. Lakini uliza nani anasema. Katika nyimbo nyingi za mapenzi za wakati ule mwanaume ndiye anayebembeleza na mwanamke ndiye anayejibu. Hapa mwenye nguvu ya kuchagua ni mwanamke, na kijana amebaki kushangaa jinsi ya kuitikia. Nafasi zimebadilishana, na kicheko cha wimbo kinatoka hapo. Ukiandika tu kwamba "wimbo unazungumzia mapenzi kati ya tajiri na maskini", umekosa utamu wote.

"Nikusaidieje", akiwa na Ferooz kwenye kiitikio, ina swali tayari kwenye jina. Anayeombwa msaada anamrudishia mwombaji swali. Tunalijua swali hili vizuri kila bumu linapoingia, simu inapoanza kuita kutoka namba ambazo zilikuwa kimya tangu muhula ulipoanza. Swali hilo lina sura mbili. Kwa sauti moja ni ukarimu: niambie nifanye nini. Kwa sauti nyingine ni kuchoka: sasa mimi nifanyeje? Maandishi peke yake hayakuambii ni sauti ipi, ndiyo maana mchambuzi wa wimbo hawezi kufanya kazi kwa mashairi yaliyochapwa tu. Lazima asikilize.

"Hapo Vipi" nayo ni swali, la mtaani kabisa, na kwenye wimbo linajibiwa na umati kwa kukubali. Hapo majibizano ni ya raha: msanii anajisifia kazi yake, mashabiki wanathibitisha. Lakini msikilizaji aliyewahi kupita kwenye "Ndio Mzee" hawezi tena kuitikia bila kujisikia anaitikia. Hiyo ni faida ya kumsoma msanii kwa kazi zake nyingi badala ya wimbo mmoja: wimbo wa zamani unabaki nyuma ya sikio unasikiliza wa sasa.

Mgombea kapanda jukwaani

Mwaka 2015 jambo likatokea ambalo hakuna mtunzi wa tamthiliya angethubutu kuliweka, wangemwambia limezidi kupangwa. Joseph Haule aligombea ubunge wa Mikumi, mkoani Morogoro, kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Hakuwa mchanaji wa kwanza kuingia bungeni. Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010. Lakini Haule ndiye aliyekuwa amewafundisha Watanzania jinsi mgombea anavyosikika.

Fikiria ugumu wa nafasi hiyo. Kila mgombea lazima aahidi, hakuna kampeni isiyo na ahadi. Lakini huyu aliahidi mbele ya watu ambao walikuwa na kipimo mfukoni, na kipimo chenyewe amewauzia yeye kwa kaseti. Wanaompenda wanasema wimbo ule ulikuwa maandalizi yake ya uongozi. Wanaomkosoa wanasema aliyecheka wanasiasa hakupaswa kuwa mmoja wao. Mimi naona pande zote mbili zinasahau maswali yetu. Wimbo ule haukusema kwamba kugombea ni dhambi. Ulihoji namna watu wanavyoitikia. Kwa hiyo mtihani wa 2015 haukuwa wa Haule pekee. Ulikuwa pia wa wapiga kura wa Mikumi: je, walimpa kura kwa kupima alichokiahidi, au waliitikia jina kubwa? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na methali hiyo haimbagui mgema aliyekuwa rafiki yetu.

Alipogombea tena 2020 hakurudi bungeni. Mwanzoni mwa 2022 akalazwa Muhimbili akiwa mahututi, na nchi nzima, wa vyama vyote na wasio na chama, ilifuatilia hali yake. Mwaka 2023 akarudi na wimbo "Siku 462", akimshirikisha mwimbaji wa injili Walter Chilambo. Jina ni hesabu ya siku za ugonjwa. Baada ya hapo akaanzisha Professor Jay Foundation kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa figo.

Wimbo huo unaufunga vizuri mjadala wetu. Nani anasema? Safari hii hakuna koti. Mtunzi na nafsineni wamekuwa mtu mmoja. Nani anaitikia? Inaweza kusemwa kwamba wimbo wote ni mwitikio: watu walimwombea na kuchangia kwa zaidi ya mwaka, yeye akiwa hawezi kujibu, na alipoweza, akajibu. Msanii aliyetujengea umati wa kuitikia amekaa upande wa waitikiaji.

Turudi kwetu

Msimu wa kampeni za serikali ya wanafunzi ukifika, mabango yatabandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo. Atapanda mtu kwenye ngazi za bwalo, ataahidi bumu litoke kabla chuo hakijafunguliwa, hosteli ziongezwe ndani ya muhula mmoja, na intaneti ifike mpaka chini ya mwembe. Tutapiga vigelegele. Lakini fedha za mikopo ziko Bodi ya Mikopo, si kwenye droo ya rais wa wanafunzi. Hosteli hujengwa kwa bajeti ambayo kiongozi wa mwaka mmoja haisaini. Ahadi ya namna hiyo ni safari ya mwezini tu, imevalishwa suti ya kuazima.

Ahadi ni deni, tunasema. Lakini kabla mtu hajaingia kwenye deni, mkopeshaji makini huuliza utalipa kwa nini. Swali la kumuuliza mgombea ni dogo na halina utovu wa adabu: "Mheshimiwa, jambo hilo liko ndani ya mamlaka ya nafasi unayoiomba?" Kama lipo, aeleze hatua. Kama halipo, aeleze atamshawishi nani na kwa njia gani. Wanaoahidi vitu vidogo vinavyowezekana, mfano kuchapisha mapato na matumizi ya umoja kila muhula, mara nyingi hawashangiliwi. Tuwasikilize hao kwa makini zaidi.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

Moja. Sikiliza "Ndio Mzee" mara mbili. Mara ya kwanza fuatilia mgombea tu, mara ya pili fuatilia umati tu. Andika ni ahadi ya ngapi ambayo wewe ungeacha kuitikia, na useme kwa nini si ile iliyotangulia.

Mbili. Chukua wimbo mmoja wa msanii wa sasa unayempenda, uuulize maswali yetu matatu. Kama hakuna anayeitikia ndani yake, eleza msanii amekuachia wewe nafasi gani.

Tatu. Tunga beti nne za ngonjera kati ya mgombea wa serikali ya wanafunzi na mwaka wa kwanza. Masharti: mwaka wa kwanza aulize angalau maswali mawili kabla ya kukubali au kukataa, na katika beti zote nne asiache kumwita mwenzake "mheshimiwa".